Hakeem Olajuwon: Tusiishie Kwenye Urefu, Tutazame Miguu

Mhariri,

Makala za michezo zinapomtaja Hakeem Olajuwon, sentensi ya kwanza huwa ya futi na inchi zake, ya pili ni ya ubingwa wake wa NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, wa mwaka 1994 na 1995, na habari inaishia hapo. Msomaji anabaki akiamini kwamba kijana mmoja mrefu kutoka Lagos alisimama chini ya kikapu, akanyoosha mkono, na mengine yakajipa. Sisi tunaofundisha na kuchezesha mpira wa kikapu tunaona madhara ya simulizi hiyo viwanjani. Mtoto aliyewazidi wenzake kwa kichwa kimoja anaambiwa akae chini ya ringi asubiri mpira. Miaka inapita, wenzake wanamfikia kwa urefu, naye hajui hata kugeuka bila kupulizwa filimbi. Tunaomba nafasi tueleze kilichomtofautisha Olajuwon, maana ni kitu kinachoweza kufundishwa.

Tuanze na urefu wenyewe. Houston Rockets walimwandikisha kuwa na futi 7, yaani sentimita 213. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kuwa yuko karibu na futi 6 na inchi 10, kama sentimita 208. Sasa watazameni waliomkabili. Katika fainali ya 1994 alikuwa Patrick Ewing wa New York Knicks, futi 7. Katika fainali ya Kanda ya Magharibi ya 1995 alikuwa David Robinson wa San Antonio Spurs, futi 7 na inchi 1. Wiki chache baadaye akaja Shaquille O'Neal wa Orlando Magic, naye futi 7 na inchi 1, tena mwenye kilo nyingi kumpita. Katika mifululizo mitatu iliyomjengea jina, hakuna hata mmoja ambao yeye ndiye aliyekuwa mrefu zaidi. Dhidi ya Robinson, ambaye msimu huo ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa ligi, Olajuwon alifunga wastani wa pointi 35.3 katika mechi 6. Mechi ya pili, iliyotanguliwa na hafla ya kumkabidhi Robinson tuzo hiyo, alimfunga pointi 41. Urefu hauwezi kueleza hayo.

Maelezo yanaanzia Lagos, alikozaliwa tarehe 21 Januari 1963, katika familia ya Kiislamu iliyofanya biashara ya saruji. (Hapa turekebishe jambo linalorudiwa mara kwa mara: hakubadili dini alipobadili jina mwaka 1991. Alichofanya ni kurudisha herufi ya kwanza iliyodondoshwa alipofika Marekani, kutoka Akeem kuwa Hakeem.) Hakugusa mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Kabla ya hapo alikuwa golikipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono, na michezo hiyo miwili ndiyo iliyomfinyanga.

Katika mpira wa mikono unaruhusiwa hatua 3 ukiwa umeushika mpira. Mshambuliaji anakuja mbio kuelekea mstari wa mita 6, anaruka, na akiwa hewani anaamua atupe juu, chini au pembeni kulingana na golikipa alivyoegemea. Maana yake ni kwamba mchezaji anazoea kuhesabu hatua bila kufikiri, na anazoea kuchelewesha uamuzi mpaka mpinzani ajionyeshe kwanza. Golikipa wa kandanda naye anafunzwa kusogea kando bila kukutanisha visigino wala kupishanisha miguu, magoti yamekunjwa, macho kwenye mpira, akiziba pembe badala ya kuufukuza mpira. Ukiyachanganya hayo mawili unapata mlinzi na mfungaji ambaye miguu yake imeshakomaa kabla hajajua kanuni za kikapu. Alichokosa kilikuwa mikono: kupokea pasi kali, kutupa kwa mkono laini, kuona mwenzake aliye peke yake. Hivyo vilimchukua miaka.

Mwaka 1980 alijiunga na Chuo Kikuu cha Houston chini ya kocha Guy Lewis. Msimu wa kwanza hakucheza mechi hata moja. Alijenga mwili na kujifunza. Wakati wa likizo za kiangazi alikuwa akienda ukumbi wa Fonde mjini Houston, ambako wachezaji wa kulipwa walicheza mechi zao zisizo rasmi, na huko mpinzani wake alikuwa Moses Malone, mchezaji bora wa NBA wa 1979 na 1982. Malone alikuwa bingwa wa ribaundi za kushambulia, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu timu yake inaposhambulia, mtu anayeruka mara ya pili na ya tatu kabla mwenzake hajajikusanya baada ya ile ya kwanza. Kijana wa chuo anayegongwa na Malone jioni baada ya jioni hana njia ila kujifunza kusimama chini, kupanua miguu na kumaliza mtupo huku amekumbatiwa. Akakifikisha chuo hicho nusu fainali za kitaifa miaka 3 mfululizo, 1982 hadi 1984. Fainali ya 1983 waliipoteza kwa North Carolina State, 54 kwa 52, kwa kikapu cha sekunde ya mwisho, na bado yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho ingawa timu yake ilifungwa.

Rockets walimchagua wa 1 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 1984, mwaka ambao Michael Jordan alichaguliwa wa 3. Watu huwacheka Portland, waliokuwa wa 2 wakamchukua Sam Bowie. Houston hawachekwi na mtu, na hilo linatosha.

Sasa tuingie kwenye mbinu yenyewe, ile iliyobatizwa Dream Shake. Wengi wanadhani ni mtikisiko mmoja wa mabega. Ukweli ni kwamba ni mlolongo wa majibu, na kila jibu linategemea alichofanya mlinzi.

Kila kitu huanza na namna ya kupokea. Mchezaji anasimama ukingoni mwa eneo la sekunde 3 (lile la mbele ya kikapu ambalo mshambuliaji hakai zaidi ya muda huo), kikapu kiko mgongoni, miguu imepanuliwa kuzidi mabega kidogo, makalio yameshuka. Pasi ikiwa njiani anaruka kidogo sana kuifuata na kutua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Kutua hivi ndiko kunakofungua mlango, kwa sababu kanuni inampa haki ya kuchagua mguu wowote kuwa mhimili, yaani ule unaobaki mahali pake huku mwingine ukisogea. Akitua mguu mmoja kisha mwingine, uliotangulia kugusa sakafu ndio mhimili wake, na nusu ya njia zake za kutokea zimefungwa kabla hajaanza. Tunawaona vijana wengi wakihangaika na chenga ya bega kwa miezi, kumbe kosa limefanyika pale walipopokea.

Mpira ukishakuwa mkononi unawekwa chini ya kidevu, viwiko vimetoka nje. Asiudunde. Hapa ndipo mgongo unaposikiliza: mkono wa mlinzi umeegemea ubavu gani, uzito wake uko wapi, yuko karibu kiasi cha kuguswa na kalio au ameachia nafasi? Olajuwon alitumia kutazama haraka juu ya bega ili kuthibitisha kile mgongo ulichomwambia. Mlinzi akiwa amebana upande wa kati, geuka upande wa mstari wa mwisho, ule ulio nyuma ya kikapu. Akibana mstari wa mwisho, geuka kati. Akiwa nyuma kabisa bila kuegemea popote, ndipo bega linapoanza kazi.

Chenga ya bega inafanywa na bega, kichwa na mpira kwa pamoja, kuelekea kati ya uwanja, huku nyayo zikiwa zimetulia. Bega likienda peke yake bila mpira, mlinzi aliyefundishwa hatashtuka, maana anatazama mpira na kiuno. Umbali wake si mkubwa, upana wa kifua unatosha. Kisha kuna kutulia kidogo sana, kiasi cha kumpa mlinzi muda wa kuona na kuamini. Vijana hukosea hapa kuliko mahali pengine popote. Wameona video, wanadhani siri ni kasi, wanatikisa mabega mara tatu ndani ya sekunde moja. Mlinzi hajapata nafasi ya kudanganyika, kwa hiyo hadanganyiki, na wao wanamalizia kumgonga kifuani. Tazameni mechi za Olajuwon kwa makini: mwendo wake wa kuzuga ni wa taratibu, mwendo wa kutoroka ndio wa ghafla.

Mlinzi akihama kufuata bega, mchezaji anageuka upande wa pili kwa kuzungusha mguu wa mhimili juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, anaruka akirudi nyuma kidogo kuelekea mstari wa mwisho, anatupa. Asipohama, hakuna haja ya kugeuka: anamalizia kule kule bega lilikoelekea, kwa mtupo wa ndoano, ule wa mkono mmoja unaopitishwa juu ya kichwa. Hii ndiyo sababu mbinu ile ilikuwa ngumu kuzuia. Chenga yake ilikuwa nusu ya mtupo wa kweli, na usipoijibu inakufunga.

Jibu la tatu ndilo lililomdhalilisha Robinson mwaka 1995. Mchezaji ameshageuka anakitazama kikapu, mlinzi amemwahi na kusimama mbele yake. Anainua mpira hadi usawa wa paji la uso, macho kwenye ringi, kama mtu anayetupa kweli. Magoti yabaki yamekunjwa na visigino visiinuke. Hapa hatuna mjadala na mtu: visigino vikiinuka, magoti yamenyooka, na mchezaji hana tena chemchemi ya kuondokea, hata kama mlinzi amesharuka. Mlinzi akiruka, mguu usio mhimili unapiga hatua ndefu kupita ubavuni mwa mguu wake, bega linapita chini ya kwapa lake, na mpira unawekwa kikapuni kwa mkono ulio mbali naye. Mguu wa mhimili unaruhusiwa kuinuka katika hatua hii. Kinachokatazwa ni kuurudisha sakafuni kabla mpira haujatoka mkononi.

Kwa waamuzi wenzetu tunasema hivi: tazameni mguu wa mhimili peke yake. Mabega yakitikisika, kichwa kikizunguka, mpira ukipanda na kushuka, hakuna kosa lolote hapo. Kosa ni mhimili kuburutwa kutoka mahali pake, au kuinuka kabla mpira haujaachwa kwa ajili ya kuudunda. Watoto wengi wanaopulizwa filimbi ya kutembea na mpira wakifanya chenga hizi hawana hatia. Mwamuzi ameona mwili ukienda namna asiyoizoea, akapuliza. Wengine wana hatia kweli, na kawaida ni ile ya pili: wanainua kisigino na vidole vya mhimili kwanza, halafu ndipo wanadunda.

Mazoezi yake hayahitaji vifaa. Dakika 10 za mwanzo ni miguu mitupu bila mpira: kuruka na kutua kwa miguu miwili, kuzunguka kwenye mhimili wa kulia, kisha wa kushoto. Baadaye mpira, bila mlinzi, kila jibu kati ya hayo matatu mara 5 kwa kila bega, jumla mara 30. Kisha mlinzi anayesimama tu na kuegemea upande anaoambiwa na kocha, ili mchezaji ajifunze kusikiliza kwa mgongo. Mchezaji asijue kocha amesema nini. Mlinzi wa kweli aje mwisho, na hapo mchezaji aruhusiwe kudunda mara moja tu. Ukimruhusu kudunda atakavyo, atarudi kwenye tabia ya kusukuma kwa makalio mpaka sekunde 3 ziishe. Na mkirekodi kwa simu, elekezeni kamera chini, kuanzia kiunoni hadi sakafuni. Mtupo ukikosa, kosa huwa limeshaonekana huko.

Ulinzi wake nao umeandikwa vibaya. Kila mtu anataja bloku 3,830 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia), ambazo ni rekodi ya NBA, mbele ya Dikembe Mutombo wa Kongo mwenye 3,289. Waandishi wangeongeza kwamba ligi ilianza kuhesabu bloku msimu wa 1973–74, kwa hiyo za Bill Russell na Wilt Chamberlain hazimo. Lakini namba inayotufundisha zaidi ni nyingine: alipokonya mipira mara 2,162. Hakuna mwingine katika historia ya NBA aliyefikisha 2,000 katika vyote viwili. Msimu wa 1988–89 pekee alipiga bloku 282 na kupokonya mara 213. Senta anayesubiri chini ya ringi hapokonyi mipira. Anayepokonya ni yule aliyekunja magoti, mikono imeshuka, anayesogea kando kama golikipa.

Faida yake ilionekana wazi tarehe 19 Juni 1994. Mechi ya 6 ya fainali, Houston wako mbele 86 kwa 84, Knicks wanahitaji kikapu kimoja cha pointi 3 kuchukua ubingwa. John Starks, gadi mwepesi ambaye usiku huo mitupo ilikuwa inaingia, anapata nafasi upande wa kushoto. Senta wa kawaida angebaki ndani akiogopa kupitwa. Olajuwon alitoka nje, akamfikia, akaugusa mpira kwa ncha za vidole. Mechi ya 7 Houston walishinda 90 kwa 84.

Anayetaka kujifunza kupiga bloku namna ile ayashike mambo machache. Usiruke kabla mtupaji hajaacha sakafu. Inua mkono ulio karibu na mkono wake wa kutupia, ili usivuke mwili wake na kupata faulo. Gusa mpira ukiwa bado unapanda. Ukianza kushuka ukiwa juu ya ringi, au ukishagonga ubao, ukiugusa umemzawadia kikapu. Na usiupige kwa nguvu kwenda kwa watazamaji. Kofi la kupendeza linarudisha mpira kwa wapinzani pembeni. Mguso mwepesi unaubakiza ndani na mwenzako anaondoka nao.

Kuhusu mechi yake ya tarakimu mbili mara nne, yaani kufikisha 10 au zaidi katika takwimu nne za mechi moja, tunasahihisha jambo dogo. Tarehe 29 Machi 1990 dhidi ya Milwaukee Bucks alipata pointi 18, ribaundi 16, asisti (pasi zinazozaa kikapu) 10 na bloku 11. Hiyo inatambuliwa. Ile ya tarehe 3 mwezi huo huo dhidi ya Golden State haitambuliwi: klabu ilipitia mkanda ikamwongezea asisti moja zifike 10, na ligi ikaikataa. Baadhi ya makala huzihesabu zote mbili.

Hakuwa mkamilifu, na heri kijana ayajue na hayo. Miaka yake ya mwanzo alikuwa mgumu kutoa pasi. Msimu wake wa kwanza alitoa asisti 1.4 kwa mechi. Msimu wa ubingwa wa kwanza 3.6. Tofauti hiyo ndiyo vikombe. Wakati ule kanuni za NBA zilikataza ulinzi wa kanda, yaani mlinzi kulinda eneo badala ya kumlinda mtu. Aliyetaka kumsaidia mwenzake dhidi ya Olajuwon alilazimika kuondoka waziwazi kumfuata, akimwacha mtu wake peke yake. Kocha Rudy Tomjanovich akapanga watupaji kuzunguka nje: Kenny Smith, Vernon Maxwell, Mario Elie, Robert Horry, Sam Cassell. Msaada ukija, pasi inatoka nje. Usipokuja, mlinzi mmoja anabaki na yule bwana peke yake. Msimu wa 1994–95 ligi iliusogeza mstari wa pointi 3 hadi futi 22 pande zote, na mpango huo ukazidi kunoga. Februari ya msimu huo walimleta Clyde Drexler, aliyecheza na Olajuwon chuoni. Walimaliza na ushindi 47 tu, wa 6 katika kanda yao, kisha wakazitoa Utah yenye ushindi 60, Phoenix 59, San Antonio 62, na Orlando 57 wakiifunga 4 kwa 0. Hakuna bingwa wa NBA aliyewahi kuanzia nafasi ya chini hivyo.

Kocha anayenakili mpango huo leo ajue kwamba ulinzi wa kanda unaruhusiwa, NBA ikiwa imeufungulia mlango tangu msimu wa 2001–02. Mlinzi wa pili anaweza kusogea nusu njia kabla pasi haijafika, akasimama pale pale ambapo mchezaji alitaka kugeukia. Ndiyo maana pasi ya haraka inafundishwa pamoja na chenga, tangu siku ya kwanza. Mchezaji apokee, atazame mara moja, na kama msaada umeshafika autoe mpira kabla ya kudunda. Kumfundisha chenga miaka miwili halafu pasi mwaka wa tatu ni kutengeneza mtu ambaye wenzake wataacha kumpa mpira.

Msimu wa 1993–94 alikuwa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine amelifanya. Msomaji Mwislamu atapenda zaidi ya Februari 1995: Ramadhani iliangukia mwezi huo, akafunga na kucheza, na ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi. Tunaongeza tahadhari moja kwa makocha. Mechi nyingi za NBA huchezwa usiku, jua limeshatua, kwa hiyo aliweza kufuturu kabla ya kuingia uwanjani; kazi kubwa ilikuwa mechi za mchana. Kijana asilazimishwe mazoezi makali saa tisa alasiri kwa kisingizio kwamba Olajuwon aliweza. Yasogezwe baada ya kufuturu, na maji yanywewe kidogo kidogo mpaka daku.

Baada ya 1997 majeraha yalimwandama, akamalizia Toronto mwaka 2002 akiwa kivuli cha mwenyewe. Kazi yake ya pili ilianza baada ya hapo, alipokuwa akifundisha miguu mjini Houston. Kobe Bryant alimwendea mwaka 2009, Dwight Howard 2010, LeBron James 2011. Kwa kuwatazama, Bryant ndiye aliyehitaji maneno machache zaidi, kwa sababu miguu yake ilishajua kuhesabu. Howard alipata msimu wake wa pointi nyingi kuliko yote, 22.9 kwa mechi, lakini geuko zake zilibaki za mtu anayekumbuka somo. James ndiye aliyebadilika waziwazi: alitoka kwenye kipigo cha fainali ya 2011, akaanza kupokea mpira akikipa kikapu mgongo, na 2012 akatwaa ubingwa na Miami. Wawili kati ya hao watatu si masenta, na hilo linapingana na wazo kwamba mbinu hizi ni za warefu.

Yupo pia Joel Embiid wa Cameroon, aliyeanza kikapu akiwa kijana tayari, akitokea kwenye voliboli na kandanda, na ambaye alijifunza kwa kutazama mikanda ya Olajuwon. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa NBA. Mechi za fainali za 1994 na 1995 zinapatikana mtandaoni. Mkiandika tena juu ya Olajuwon, Mhariri, tunaomba picha moja ya dunki iachwe, na nafasi yake zichapwe fremu nne au tano za miguu yake tangu anapopokea hadi anapotupa, zimepangwa kwa mfuatano. Kocha asiye na intaneti atazikata na kuzibandika ukutani.

Makocha na waamuzi wa mpira wa kikapu, wasomaji wenu